Kumlisha mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya umio: mwongozo kwa muuguzi wa wodi

Mgonjwa wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huingia chumba cha upasuaji akiwa amekwisha kukonda, kwa kuwa ugali ulianza kumkwama, ukafuata wali, na mwishowe hata uji ukawa haupiti. Kwa hiyo mpime uzito siku anayolazwa, umuulize uzito wake wa zamani na kuandika vyote viwili kwenye jalada; asipokumbuka, utazame mkanda wake una matundu mangapi mapya.

Wengi hutoka chumba cha upasuaji na mrija ulioingizwa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, ili walishwe wakati mshono wa ndani, pale umio ulipokatwa na kuungwa, ukiendelea kupona. Sukuma mililita 30 za maji safi kabla na baada ya kila mlo na kila dawa, maana mrija huu huziba upesi. Chakula kipite polepole, kwani utumbo mwembamba hauna nafasi ya kukihifadhi kama tumbo, na kikimiminwa kwa haraka huleta msokoto na kuhara. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula aanze na nusu ya mahitaji yake au pungufu, huku madini ya potasiamu, fosfeti na magnesiamu yakipimwa kwenye damu, kwa sababu kumshibisha ghafla kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kumuua.

Ndugu watakuja na chupa ya uji. Usiwakaripie, lakini uji huo usiingie kwenye mrija kamwe. Waeleze kwamba mgonjwa wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 hivi, ilhali uji mtupu hujaza tumbo bila kujenga kidonda. Daktari akiruhusu kula kwa mdomo, uji huohuo utiwe maziwa na karanga zilizosagwa laini, ugawanywe katika milo 6 midogo, na vinywaji visubiri nusu saa. Chai ya sukari nyingi humtoa jasho na kumwendesha moyo mbio.

Akipata homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, simamisha kula kwa mdomo na umwite daktari wa upasuaji papo hapo, kwani huenda mshono unavuja.

Asilale chali baada ya kula, hata akisharudi nyumbani, kwa sababu chakula hupanda na kuingia mapafuni. Pasipo kitanda cha kuinuliwa, matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani yanafaa.