Ramani ya kubofya isiyopotea kwenye simu

Juzi nilikaa na kaka mmoja anayetembeza wageni Bagamoyo. Tovuti yake ina ramani ya mji: mgeni anabofya Ngome Kongwe, Boma, Misheni au magofu ya Kaole, unafunguka ukurasa wa mahali hapo. Kwenye kompyuta, sawa kabisa. Kwenye simu, ukigusa Kaole kule kusini inafunguka Misheni iliyo kaskazini. Tulihangaika tangu adhuhuri hadi magharibi, na wageni wake karibu wote wanatumia simu.

Hatua ya 1: Picha. Jua upana na kimo chake kwa pikseli. Yetu ni 1200 kwa 1000.

Hatua ya 2: Namba za maeneo. Ifungue kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, peleka mshale kwenye kona za kila jengo, usome namba zilizo chini ya dirisha. Ziandike kwenye karatasi. Zana za mtandaoni zinazokuchorea maeneo sizipendi. Zinakuachia msimbo mrefu usioweza kuurekebisha mwenyewe.

Hatua ya 3: Kuweka maeneo. Hapa ndipo siku yetu ilipoishia. Alitumia njia ya zamani, tagi za HTML `map` na `area`, na hakukosea hata herufi moja. Tatizo ni kwamba namba za `coords`, yaani zile za kona za kila eneo, hazipungui picha inapopungua. Kwenye simu picha ilibanwa hadi pikseli 360, kwa hiyo Kaole, iliyokuwa 1000,850, ikaonekana 300,255. Misheni nayo bado imeshikilia eneo lake la awali, kuanzia 220,180 hadi 380,320. Kidole kiko Kaole, brauza inasoma Misheni. Wala hakuna ujumbe wowote wa kosa, ndiyo maana tulianza kwa kuishuku seva.

Zipo skripti za kupiga hesabu upya kila ukubwa unapobadilika, na zinafanya kazi. Lakini kwa nini ubebe skripti wakati SVG, picha inayoandikwa kwa tagi ndani ya ukurasa, inajipima yenyewe?

```
<svg viewBox="0 0 1200 1000">
  <image href="ramani.jpg" width="1200" height="1000"/>
  <a href="misheni.html" aria-label="Misheni">
    <rect x="220" y="180" width="160" height="140"
      fill="transparent"/>
  </a>
</svg>
```

Angalia mambo matatu. Kwanza, kwenye `area` namba nne za mstatili ni kona mbili. Hapa kwenye `rect` ni kona moja, kisha upana na kimo. Ukinakili zilivyo, maeneo yatapandana. Pili, andika `transparent`, usiandike `none`: ukiweka `none`, katikati ya umbo hapabofyeki. Tatu, bandika msimbo huu ndani ya ukurasa wenyewe. Ukiuhifadhi kama faili na kuuita kwa `img`, picha itaonekana lakini viungo vyote vitakufa. Hili la tatu peke yake lilitula saa nzima.

Hatua ya 4: Majina. Usiache `aria-label` hata mahali pamoja. Asiyeona husomewa jina hilo na simu yake. Bila jina, kwake ramani haipo.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kidole, kwenye simu halisi. Eneo la Misheni hapo juu linabaki pikseli 48 kwa 42, linagusika. Majengo yaliyosongamana kati ya Ngome na Boma yalikuwa madogo mno, tukayaunganisha kuwa eneo moja. Chini ya ramani tukaorodhesha viungo vilevile kwa maandishi, kwa ajili ya mgeni ambaye picha haijamfungukia.