Kondoo wa jirani na ng'ombe wako wa maziwa

Mfugaji wa ng'ombe wa gredi kule Njoro au Molo akisikia kondoo wa jirani wanachechemea, mara nyingi hashtuki. Hana kondoo, basi anaona hayamhusu. Yanamhusu sana. Ugonjwa wa miguu na midomo hushika mifugo yote yenye kwato zilizopasuka: ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe. Ng'ombe hujitangaza: udenda unamtiririka, malengelenge yanatoka ulimini, kwatoni na kwenye chuchu, maziwa yanashuka ghafla. Nguruwe mgonjwa hupumua virusi vingi kuliko ng'ombe. Kondoo huchechemea siku chache, akaonekana mzima, kumbe ameshausambaza. Ndiyo maana mimi humhofia kondoo kuliko wote, hakuna anayemshuku.

Na si lazima wanyama wakutane. Virusi husafiri kwenye gambuti, magurudumu ya bodaboda, mikebe ya maziwa na kamba ya broka aliyetoka kukagua nguruwe kule Bahati asubuhi na sasa anataka kumpapasa ndama wako. Kwenye matope ya baridi ya Molo na Mau Narok hudumu zaidi kuliko kwenye vumbi la jua kali. Hata maziwa hubeba virusi kabla dalili hazijaonekana, na ndama akiyanywa anaweza kufa ghafla kwa kuharibika moyo.

Kwa hivyo broka asiingie zizini. Mtolee mnyama nje ya lango amwone huko. Weka gambuti zisizotoka nje ya boma, na mlangoni karai la dawa pamoja na brashi. Soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, inafaa: gramu 400 kwa lita 10 za maji. Sugua matope na kinyesi kwanza, maana dawa haipenyi uchafu, na ubadilishe maji hayo kila siku.

Mnyama uliyemnunua mnadani mtenge wiki tatu, kwa sababu dalili huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza. Mhudumie mwisho, baada ya wengine wote. Uliza pia kama aliwahi kuugua: ng'ombe aliyepona anaweza kubaki na virusi kooni kwa miezi mingi.

Chanja ng'ombe kila miezi 6, tena pamoja na majirani. Kenya ina aina kadhaa za virusi hivi, zikiwemo O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Mwulize daktari wa mifugo wa wadi ni ipi inayohitajika sasa, na kama kondoo na mbuzi nao wachanjwe.

Wanaofuga kuku pia wasikilize, ingawa huu ni ugonjwa mwingine. Mbolea ya kuku yenye mizoga, ikilishwa ng'ombe, inaweza kuwa na sumu ya bakteria inayowapooza hadi kufa. Mimi ningeiacha iende shambani tu.

Ukiona udenda na kuchechemea, usiuze wala kuhamisha mnyama yeyote. Sheria inakutaka uripoti kwa afisa wa mifugo. Kisha mpigie jirani mwenye kondoo na yule wa nguruwe siku hiyo hiyo, kabla hawajapeleka wanyama mnadani.