Kiitikio kipana kwa maiki moja

Mara ya kwanza nilipotaka kiitikio changu kijae masikioni, nilinakili treki ya sauti, nakala moja nikaipeleka kushoto, nyingine kulia. Nikavaa hedifoni. Hakuna kilichopanuka. Sauti ilibaki palepale katikati ya kichwa, imeongezeka nguvu tu. Masikio hupima tofauti kati ya upande mmoja na mwingine. Nakala mbili zilizo sawasawa hazina tofauti, kwa hiyo unasikia mtu mmoja amesimama mbele yako.

Dawa yake ni kuimba tena. Ubeti uache na sauti moja, katikati, mkavu kabisa bila mwangwi, ili kiitikio kiwe na pa kupandia. Kikifika, kiimbe upya mara mbili zaidi, mwanzo hadi mwisho. Moja ipeleke kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa, zote ziwe chini ya ile ya katikati kwa desibeli 6 hivi. Huwezi kuimba mstari mmoja mara mbili kwa namna ileile hata ukijitahidi, na kupishana huko kudogo ndiko kunakofungua nafasi. Mimi huongeza tofauti hiyo kwa makusudi: mara ya pili narudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maiki, mara ya tatu naimba huku natabasamu. Tabasamu linasikika, na wimbo wa kutia moyo unalihitaji.

Kazi yenyewe iko kwenye herufi. Nilikuwa na mstari unaoanza na “Simama tena”. Treki tatu, na kila S ilifika kwa wakati wake, ikawa kama kaa la moto linalomwagiwa maji. Siku hizi kwenye treki za pembeni naitamka S kwa ulegevu, karibu niimeze, naiachia ya katikati ibebe neno. Halafu kuna miisho. Maneno yetu huishia kwenye irabu, na irabu haijifungi yenyewe: “tena” ya katikati imeshakatika, ya kushoto bado inavuta aaa. Kwa hiyo naamua kabla ya kurekodi kwamba irabu inakatwa kwenye pigo la tatu, na ninahesabu kwa vidole huku naimba.

Ukiwa na sauti ya pili na ya tatu za kupatanisha, kila moja iimbe mara mbili pia na uziweke nusu ya njia, kushoto na kulia. Usiipeleke sauti ya pili upande mmoja na ya tatu upande mwingine. Wimbo utaegemea upande mmoja kila moja inapopumzika.

Gitaa nalirekodi mara mbili vilevile, mara ya pili nikishika kodi zilezile juu zaidi shingoni. Mwenye maiki mbili zinazofanana anaweza kujaribu mpangilio wa ORTF, uliotoka redio ya Ufaransa: vichwa vya maiki viachane sentimita 17, vitazame nje kwa pembe ya digrii 110. Besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) zikae katikati, bila mjadala.

Kuna njia ya mkato ya kunakili treki na kuichelewesha nakala milisekunde 20. Kwenye hedifoni inapendeza, kwa sababu sikio huunganisha sauti mbili zilizokaribiana hivyo na kufuata iliyotangulia. Lakini simu na spika ndogo nyingi huchanganya pande zote mbili kuwa mono, yaani sauti moja isiyo na kushoto wala kulia, na hapo nakala hizo hufutana kwenye baadhi ya masafa. Sauti inakuwa nyembamba, kama ya mtu anayeimba ndani ya bomba.

Ndiyo maana kabla ya kumaliza miksi nabonyeza mono na kusikiliza kiitikio chote kwa sauti ya chini. Upana utaondoka, hilo halina tatizo. Neno likizama, nanyamazisha treki za pembeni moja moja mpaka niipate inayolizamisha, kisha narudi mbele ya maiki na kuliimba upya.