Siku ya dawa CTC (kliniki ya VVU), omba na kipimo cha presha

Ndugu zangu WAVIU (watu tunaoishi na VVU) wa Dodoma mliovuka miaka 40, mkienda kuchukua dawa msitoke kabla hamjapimwa presha na sukari, hata kama virusi havionekani kwenye kipimo. Virusi vikishafubazwa, kinga ya mwili huendelea kupigana chini kwa chini, na hilo huchakaza mishipa ya damu, figo na mifupa mapema. Presha haina dalili ya kungojea. Wavuta sigara ndio nawahofia zaidi. Na magadi tunayotia kwenye mlenda yana sodiamu kama chumvi. Mwenye presha apunguze vyote viwili.

Ila kubwa ni hili: wengi wakigundulika na sukari hutibiwa kituo kingine, na kwa kuona haya hawasemi kwamba wanameza TLD, kidonge cha VVU cha kila siku. Semeni, tafadhali. Dolutegravir iliyomo ndani ya TLD huongeza metformin, dawa ya sukari, kwenye damu, hivyo daktari akijua kwa kawaida hatazidisha miligramu 1000 kwa siku. Kama mdomo unakuwa mzito, beba vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, uviweke mezani kwake avione.

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu nazo huizuia dolutegravir isifyonzwe vizuri. Usiache TLD kwa sababu hiyo. Imeze saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake.