Kuisoma pete ya muhuri ya Kirumi

Mimi ni sonara hapa Ngamiani, Tanga. Mara mojamoja huletewa pete yenye kito kilichochongwa sura ya mtu, mwenyewe akiapa ni ya Warumi. Usianze na dhahabu, anza na kito. Warumi walipenda akiki nyekundu kwa kuwa nta haiing'ang'anii, na pete ndiyo ilikuwa muhuri. Augustus, kaizari wa kwanza wa Roma, hatimaye alipigia barua zake muhuri wa sura yake mwenyewe, kazi ya mchonga vito Dioscurides.

Kama kito hakichezi, kanda udongo laini wa kuchezea watoto, ukibonyeze humo wima, polepole. Ukikiinua, sura iliyozama itasimama, na iliyotazama kushoto itatazama kulia. Hapo utaona pua, mkunjo wa shavu, hata ndevu ambazo kwenye jiwe hukuziona.

Sasa shika lenzi. Ukiona viputo vya mviringo ndani, hicho ni kioo. Usimcheke mteja mapema: Warumi nao walimimina vioo kwenye kalibu.

Halafu, usiisafishe kwa ndimu na majivu; hivyo viachie masufuria ya bibi. Mimi niliwahi kuisugua pete moja ikang'aa vizuri sana, na mikwaruzo yangu bado ipo.