Kubadilisha injini ya gari la zamani bila kugombana na trafiki

Sasa wewe una Corolla EE100 ya kabureta unataka kuitia 1NZ, ile injini ya Toyota inayoendeshwa na kompyuta, sawa, ila kabla fundi hajafungua bolti hata moja anza na makaratasi. Ukinunua injini pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, dai risiti yenye namba ya injini, halafu shika kitambaa usugue grisi pale kwenye bloku uisome mwenyewe, ukiona pamepigwa grainda au tarakimu zinapishana urefu achana nayo tu, hata bei iwe tamu vipi.

Logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, ina namba ya injini ya zamani, kwa hiyo peleka gari kwa wakaguzi wa magari wa polisi, kisha uombe namba ibadilishwe kwenye usajili. Bima nao uwaambie. Watu wengi wanaruka hapa, siku ya kuuza gari mnunuzi anafungua boneti, namba hazilingani, anaondoka.

Upande wa moshi chukua injini kamili: kontroli boksi yake (ndiyo kompyuta ya injini), wayaringi, sensa za oksijeni na ile katalitiki ya kwenye egzosi inayopunguza sumu ya moshi. Fundi atakwambia katalitiki inaziba aikate, mwulize kwanza anaiuza wapi maana ndani kuna platinamu na paladiamu, madini ya thamani. Ukiitoa sumu yote inatoka nje, na sensa ya oksijeni ikikosekana kompyuta inabahatisha, petroli inazidi, unanuka moshi mpaka Jinja. Kule California injini unayoweka haitakiwi kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari, na vifaa vyake vyote vya moshi viwepo.