Sebule ielekee kaskazini

Kama unachora ramani ya nyumba Mbeya, Njombe au Makete, mwambie fundi madirisha makubwa ya sebule na vyumba vya kulala ayaweke upande wa kaskazini. Huku tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la mchana hupita kaskazini mwetu. Juni na Julai, baridi inapouma, linashuka hadi nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho saa sita mchana na kuingia dirishani. Desemba limehamia kusini, halikusumbui. Upenu wa upande wa kaskazini usiwe mrefu sana, utalizuia. Stoo, choo na ngazi vipeleke kusini, ambako pepo baridi za kipupwe hutokea, na madirisha yake yawe madogo.

Ramani nyingi zinanakiliwa kutoka Dar, ambako shida ni joto. Halafu watu wanashangaa kuvaa sweta ndani!

Dari usiiahirishe. Bati tupu hupoteza joto usiku kucha, na alfajiri mvuke wa pumzi zenu hudondoka kama mvua.

Ila matundu ya hewa juu ya madirisha msiyazibe kwa magazeti. Na jiko la mkaa lisilale chumbani hata likionekana limefifia: gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo huitoa kwa wingi. Mkitaka moto ndani, jengeni meko yenye dohani tangu msingi.